RAM ya Kampuni Kubwa, ya Kichina, ya Mtumba au Kusubiri: Ulinganisho kwa Mnunuzi wa Nairobi

Anayeingia Luthuli Avenue kuulizia RAM ya laptopu hukutana na mambo mawili yanayopingana. La kwanza ni bei, ambayo imepanda kiasi kwamba mwenye duka husita kuitaja kabla hajampigia simu anayemletea mzigo. La pili ni habari inayopita mdomo kwa mdomo kwamba Wachina wameingia katika utengenezaji wa kumbukumbu za kompyuta kwa kishindo, na kwamba muda si mrefu bei zitaporomoka kama zilivyoporomoka za televisheni na paneli za sola. Mnunuzi hubaki njia panda. Je, anunue leo kwa bei ya leo, achukue kipande chenye chipu za Kichina, atafute kilichokwisha kutumika, au afumbe mkono na kungoja?

Nitazilinganisha njia hizo nne kwa vigezo vilevile. Cha kwanza ni bei na mahali inakoelekea. Cha pili ni kama kipande kitakubaliana na mashine uliyonayo. Cha tatu ni dhamana, yaani utamrudia nani kikiharibika. Mwisho nitasema kila njia inamfaa nani. Kasi sikuiweka kuwa kigezo, kwa sababu mtu wa Excel na vivinjari vilivyofunguliwa dirisha ishirini hataona tofauti kati ya RAM ya 2,400 na ya 3,200, ilhali tofauti ya GB 4 na GB 8 ataiona kabla chai haijapoa.

Kwa nini bei imepanda, na Wachina wanaingilia wapi

Zaidi ya asilimia 90 ya DRAM, aina ya kumbukumbu ambayo RAM zetu hutengenezwa nayo, hutoka kwa kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Zamani zilikuwa nyingi zaidi. Qimonda ya Ujerumani ilifilisika mwaka 2009, Elpida ya Japani ikafuata mwaka 2012 na kununuliwa na Micron mwaka mmoja baadaye, na kila aliyeanguka aliwaachia waliobaki nafasi kubwa zaidi ya kuamua kiasi cha kuzalisha. Kwamba wachache wakikaa meza moja mnunuzi huumia si dhana tu: mwaka 2005 Samsung ilikubali kulipa faini ya dola milioni 300 nchini Marekani kwa kosa la kupanga bei za DRAM pamoja na washindani wake.

Safari hii kisa kikuu ni akili unde. Chipu za Nvidia zinazojazwa katika vituo vya data hufanya kazi pamoja na kumbukumbu maalumu iitwayo HBM, ambayo hupangwa tabaka juu ya tabaka, na kwa maelezo ya Micron yenyewe, HBM hula takriban mara tatu ya sahani za silikoni ambazo DDR5 (kizazi kipya cha RAM za kawaida) ya ujazo uleule ingetumia. Kiwanda ni kilekile na sahani ni zilezile, kwa hiyo kila kinachopelekwa kwa seva hupungua kwetu. Mnamo Novemba 2025 Reuters iliripoti kwamba moduli ya DDR5 ya GB 32 ya Samsung ilipanda kutoka dola 149 mwezi Septemba hadi dola 239. Kwa kiwango cha takriban shilingi 129 kwa dola, hilo ni ongezeko la zaidi ya shilingi 11,000 kabla mzigo haujapanda ndege. Ada zetu za forodha, kama vile ya tamko la uagizaji na tozo ya reli, hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya mzigo, kwa hiyo bei ya ng'ambo ikipanda nazo hupanda, hata kama asilimia yenyewe haijaguswa. Desemba hiyohiyo Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa iliyowauzia RAM watu wa kawaida kwa miaka 29.

Mchina anayezungumziwa ni hasa CXMT, kampuni ya mji wa Hefei iliyoanzishwa mwaka 2016, ikaanza kuzalisha DDR4 (kizazi kilichotangulia DDR5) mwaka 2019 na kuonyesha DDR5 ya kasi ya 8,000 mnamo Novemba 2025. Mwaka 2025 sehemu yake katika soko la dunia ilikuwa bado haijafika moja ya kumi. Mikono yake imefungwa pia: mashine za mwanga wa EUV, zinazochora mistari myembamba kabisa ya chipu na kutengenezwa na ASML ya Uholanzi, haziuzwi China, na masharti ya Marekani ya Oktoba 2022 na Desemba 2024 yalikaza zaidi upatikanaji wa vifaa vya kiwandani.

Kuna jambo moja ambalo wanaotabiri mporomoko wa bei hulisahau. Mwishoni mwa 2024 DDR4 ya Kichina iliuzwa kwa bei ya chini kiasi cha kuwabana wakubwa. Wakubwa hawakujibu kwa kushusha bei. Katika mwaka 2025 walitangaza kwamba wanafunga hatua kwa hatua uzalishaji wa DDR4, na CXMT nayo ikaanza kugeuzia viwanda vyake kwenye DDR5 yenye faida zaidi. Ikawa aina ya zamani haina mtu anayetaka kuitengeneza huku mashine zinazoihitaji zikiwa bado mamilioni, na kufikia Juni 2025 kulikuwa na siku ambazo DDR4 iliuzwa ghali kuliko DDR5 katika soko la papo kwa papo, yaani la mzigo unaouzwa bila mkataba wa muda mrefu.

Sisi jambo hilo linatugusa kuliko wengi, kwa kuwa Nairobi ni mji wa DDR4. Laptopu tunazonunua ni zile zilizotumika Uingereza na kwingineko Ulaya, EliteBook na ThinkPad za maofisini, na tangu Windows 10 ilipokoma kupata huduma tarehe 14 Oktoba 2025, wanunuzi wamekimbilia zenye prosesa za kizazi cha nane ambazo Windows 11 inazikubali. Hizo nyingi ni za DDR4. Habari kwamba China imeongeza DDR5 ni njema kwa mtu wa Shenzhen anayejenga kompyuta mpya, lakini haishushi moja kwa moja bei ya kipande kinachoingia kwenye EliteBook 840 G5.

Njia ya kwanza: kipande kipya chenye chipu za wale watatu

Bei. Ndiyo njia ghali kuliko zote, na haielekei kushuka karibuni. Zingatia kwamba Kingston, Corsair au ADATA hazitengenezi chipu. Hununua na kuzipanga juu ya ubao, kwa hiyo jina lililo kwenye pakiti halikwambii bei itaelekea wapi. Wanaoiamua wako Korea na Idaho, jimbo la Marekani yalipo makao ya Micron.

Ulinganifu. Hapa njia hii haina mpinzani. Laptopu za maofisini zilitoka kiwandani na chipu hizihizi, kwa hiyo ni nadra kuona mashine ikigoma kuwaka. Kilichobaki ni kusoma lebo. Maandishi ya PC3L yanamaanisha DDR3L, PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5, na pengo la kila aina limekatwa mahali tofauti ili mtu asiilazimishe. Ukiona "8GB 1Rx8 PC4-2400T", umepata GB 8 za DDR4 zenye kasi ya 2,400.

Dhamana. Kingston, kwa mfano, hutoa dhamana ya maisha kwa RAM zake nyingi, ila dhamana hiyo ina maana ukiwa na risiti na duka linalojua njia ya kurudisha bidhaa. Tatizo la Nairobi ni vibandiko. Kibandiko cha Samsung kinaweza kuchapishwa mahali popote, na mimi niliwahi kuuziwa GB 16 zenye kibandiko safi kabisa katika duka moja la mjini. Siku ya tisa laptopu ikaanza kuangusha skrini ya bluu kila nilipofungua faili kubwa. Nilipokirudisha, muuzaji alikigeuza mara mbili mkononi, akasoma risiti, akaniambia kwa upole, "Mkubwa, dhamana ilikuwa ya wiki moja." Tangu siku hiyo sitoki dukani kabla sijafungua programu ya CPU-Z, ukurasa wa SPD, ambako jina la aliyetengeneza moduli na la aliyetengeneza chipu huonyeshwa kando kando. Mjanja anaweza kuyaandika upya maelezo hayo, lakini wengi hawajisumbui.

Anayefaa. Ni mtu ambaye mashine yake ikizima anapoteza kazi: mhasibu wakati wa kufunga hesabu, mhariri wa video, ofisi yenye mtambo mmoja unaotegemewa na wengi. Kwake tofauti ya shilingi elfu chache ni ndogo kuliko siku moja ya kukaa bure.

Njia ya pili: kipande kipya chenye chipu za Kichina

Bei. Kwa kawaida huwa chini kidogo, na neno "kidogo" nimelichagua kwa makusudi. Soko likiwa na upungufu, hakuna muuzaji anayeuza nusu bei kwa mapenzi. Naye hufuata bei ya jirani na kukata kiasi kinachotosha kukuvuta. Isitoshe, bila mashine za EUV, CXMT hulazimika kuchapa tabaka zake kwa hatua nyingi zaidi, na gharama hiyo haiwezi kufichwa milele. Punguzo kubwa litakuja tu ikiwa uzalishaji utazidi mahitaji, na kwa sasa wanaopanga foleni mbele yetu ni kampuni za seva na simu za huko China kwenyewe.

Ulinganifu. Chipu zenyewe hufuata viwango vilevile vya kimataifa, na kipande kilichotengenezwa vizuri kitafanya kazi katika ThinkPad kama kingine chochote. Chapa kama KingBank na Gloway zilianza kuuza DDR5 zenye chipu za CXMT mwishoni mwa 2024. Mashaka yapo kwenye vipande visivyo na jina. Wanaokumbuka enzi za DDR3 watakumbuka vipande vya bei ya kutupa vilivyofanya kazi kwenye kompyuta za AMD peke yake, na mtu wa Intel akabaki na skrini nyeusi. Ukinunua, chukua viwili vinavyofanana badala ya kuchanganya kimoja na cha zamani kilichomo ndani.

Dhamana. Huko China chapa nyingi hutoa dhamana ya miaka, lakini hapa dhamana yako ni uso wa aliyekuuzia. Kuagiza mwenyewe kwa mtandao hupunguza bei na kuongeza umbali: kipande kibovu hakitarudi Shenzhen kwa nauli inayokaribia bei yake. Jaribio la MemTest86, linalochukua saa kadhaa kwa GB 16, ndilo kinga ya kweli, na ni bure. Liache lifanye kazi usiku wa kwanza, si baada ya siku tisa.

Kuhusu vikwazo, ambavyo watu huniuliza sana: Januari 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliiingiza CXMT katika orodha ya kampuni inazodai zinahusiana na jeshi la China. Orodha hiyo haimzuii Mkenya kununua RAM. Inachofanya ni kuzitia kampuni kubwa za kompyuta wasiwasi, na hivyo huchelewesha siku ambayo chipu hizo zitaonekana ndani ya laptopu zinazouzwa dunia nzima.

Anayefaa. Mwanafunzi, mwenye saiba yenye mashine kumi za kawaida, au mpenzi wa kompyuta za mezani anayejua kupima mwenyewe. Shule inayonunua kwa wingi inaweza kunufaika, mradi inunue kwa mtu mmoja anayekubali kuandika muda wa kubadilisha vibovu.

Njia ya tatu: kipande kilichotumika

Bei. Hufuata ile ya vipya, hatua chache nyuma. Bei mpya ilipopanda, walioficha vipande kwenye droo wakavikumbuka. Hata hivyo hapa ndipo bado kuna nafasi ya kupatana, hasa kwa GB 4 na GB 8.

Ulinganifu. Ni mzuri kupita vingi, kwa kuwa vipande hivi vilitolewa katika laptopu za aina ileile uliyonayo. RAM haina kitu kinachozunguka wala haichakai kwa kuandikwa kama SSD, ile hifadhi ya chipu inayochukua nafasi ya diski ya kuzunguka. Kinachoiua ni umeme tuli na mikono. Nimeona katika kibanda kimoja vipande zaidi ya thelathini vikiwa vimefungwa kwa rababendi na kutupwa katika boksi la viatu. Fundi alichomoa kimoja, akasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli hadi yakang'aa, akapanua vibano vya pembeni, akakiingiza kwa mshazari na kukisukuma chini hadi kikalia. Laptopu ikawaka. Nilimwuliza, "Fundi, hii ni ya kampuni gani?" Akanijibu, "Mkubwa, RAM ni RAM." Kilikuwa cha SK Hynix, na kinafanya kazi hadi leo, lakini jibu lile silo la kutegemea.

Dhamana. Siku tatu, wiki, au "ukiona shida uje". Iandikwe kwenye risiti.

Anayefaa. Mwenye laptopu ya miaka sita au minane ambayo thamani yake haistahili kipande kipya cha bei ya sasa.

Njia ya nne: kusubiri

Bei. Hoja ya wanaosubiri ina uzito. Historia ya DRAM ni ya mawimbi: uhaba huleta faida, faida huleta viwanda, viwanda huleta mafuriko. Kiwanda kipya cha Micron huko Idaho na kile cha SK Hynix huko Yongin vimepangwa kuanza kutoa chipu mwaka 2027, na cha Samsung huko Pyeongtaek mwaka 2028. CXMT nayo iliomba mwishoni mwa 2025 kuuza hisa Shanghai ili kupata yuani bilioni 29.5. Faida ya ushindani huo inaweza kukufikia hata kama hutanunua kipande cha Kichina maishani, kwa sababu laptopu zinazouzwa China zikijazwa chipu za Hefei, za Korea zilizokuwa ziende huko huachwa kwa wengine.

Lakini hesabu miaka, na kumbuka kwamba CXMT pia inaitaka HBM. Kila mwenye kiwanda anatazama palepale penye faida. Kwa anayesubiri DDR5 ishuke, naona sababu ya kuwa na subira. Kwa anayesubiri DDR4, sioni nani atakayeimwaga sokoni; inawezekana atakachopata ni wingi wa vipande vilivyotumika ofisi za Ulaya zitakapobadilisha mashine, si ushindani wa China.

Ulinganifu na dhamana. Kusubiri hakugharimu dhamana wala hakuna cha kugoma, ila mashine yenye GB 4 hutumia SSD kama RAM ya dharura kutwa nzima, na SSD huchakaa kwa kuandikwa.

Anayefaa. Mwenye GB 8 zinazomtosha, au anayepanga kujenga kompyuta mpya ya mezani ambayo hana haraka nayo.

Neno fupi kuhusu SSD

Upande huu ushindani wa China umekomaa zaidi. YMTC ya Wuhan ilikuwa na chipu za tabaka zaidi ya 200 sokoni kufikia mwisho wa 2022, na Desemba hiyohiyo Marekani ikaiwekea vikwazo vya biashara, na chipu zake zimo katika SSD nyingi za bei nafuu. Soko la hifadhi lina wachezaji wengi kuliko la RAM, wakiwemo Kioxia na SanDisk, kwa hiyo sioni sababu ya kuiogopa SSD ya Kichina yenye jina linalofahamika. Ukilazimika kuchagua kimoja cha kuongeza mwaka huu na kingine kusubiri, na bado unatumia diski ya kuzunguka, anza na SSD.

Uamue vipi kulingana na hali yako

Ikiwa laptopu yako ina GB 4 na unaitegemea kwa kazi, usisubiri. Tafuta kipande cha GB 8 kilichotumika, kipimwe mbele yako, na uandikiwe siku za kurudisha. Ikiwa una GB 8 na unawaza kufika 16, fungua kwanza orodha ya programu zinazotumia kumbukumbu, kwa kuwa mara nyingi ni kivinjari kimoja kinachokula nusu. Ikiwa ni mashine ya ofisi yenye data za wateja, lipa bei ya kampuni kubwa na utunze risiti. Ikiwa unajenga kompyuta ya DDR5, nunua sasa kiasi kinachokutosha katika kipande kimoja na uache sloti moja wazi kwa siku ambayo bei italegea, ukijua kwamba utapoteza kasi kidogo, kwa kuwa kipande kimoja hupitisha data kwa njia moja badala ya mbili.

Kama bado hujanunua laptopu, swali lote hubadilika. ThinkPad T480 ina sloti mbili, T490 ina moja na sehemu nyingine imelehemiwa kwenye ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, na X1 Carbon haina sloti kabisa. Kwa bei za sasa, tofauti kati ya mashine ya GB 8 na ya GB 16 kwa muuzaji wa mitumba huwa ndogo kuliko bei ya kuongeza baadaye, kwa kuwa wengi wao bado wanauza mzigo waliouleta zamani.

Na fundi akishabadilisha, kile kipande cha zamani alichokitoa ni mali yako. Miaka miwili iliyopita tulikuwa tukiviacha kaunta bila kugeuka nyuma. Siku hizi kiombe, kifunge katika karatasi yake ya fedha, uende nacho. Kina mnunuzi anayekisubiri mtaa wa pili.